Fardhi ya Mtoto na Fardhi ya Mtaa

Musa bin Maimun, tabibu na mwanazuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri hadi alipofariki mwaka 1204, aliandika katika kitabu chake cha sheria kwamba mtu ambaye mzazi wake amevurugikiwa na akili ajitahidi kwenda naye kwa upole, kwa kadiri ya hali yake, mpaka Mungu amrehemu. Lakini hali ikizidi mno, mtoto akawa hawezi tena kustahimili, basi na aondoke, awakabidhi wengine wamtunze mzazi wake inavyopasa. Mwanazuoni mwingine wa zama hizo, Abraham ben David wa kusini mwa Ufaransa, aliipinga hukumu hiyo, na pingamizi lake lilikuwa swali: mtoto akishaondoka, atamwachia nani? Imepita zaidi ya miaka 800, na sijaona swali linalowahusu zaidi Waafrika Mashariki wanaolea wazazi wao katika jiji la Toronto. Sisi tumezoea kuuliza jingine: je, kumweka mama au baba mikononi mwa watu baki ni kuvunja amri ya Mungu? Naamini swali la Abraham ben David ndilo linalopaswa kutangulia. Kabla hatujamhukumu mtoto, tuulize kwanza jamii yake imemwandalia nani wa kumkabidhi mzazi, na kwa masharti gani.

Toronto ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili kwa sababu jamii mbili za wahamiaji zililijibu swali hilo kwa vitendo, na majibu yao yamekua mpaka kila mtu anayaona. Ya kwanza ni ya Wayahudi. Mwaka 1913 chama cha kusaidiana cha wanawake, kilichoitwa Ezras Noshem, kilianza kuchangisha fedha za nyumba ya wazee. Wanawake hao walipita mlango kwa mlango, na iliwachukua mpaka mwaka 1917 kupata malipo ya awali ya jengo namba 31, mtaa wa Cecil. Nyumba ikafunguliwa 1918, na siku za mwanzo kazi ya kupika chakula kinachoruhusiwa na dini yao, kufua na kusafisha ilifanywa na watu wa kujitolea. Hiyo ndiyo asili ya Baycrest, iliyohamia barabara ya Bathurst mwaka 1954 na ambayo leo ina hospitali, makao ya wazee, na tangu 1989 taasisi ya utafiti wa ubongo inayojulikana duniani kote. Jibu la pili ni la Wachina. Joseph Wong, daktari mzaliwa wa Hong Kong, aliwaona wazee wa Kichina wakiishi katika makao ya kawaida bila mtu wa kuzungumza naye, mbele ya sahani za chakula wasichokizoea. Kampeni ilianza mwaka 1987. Mwaka 1994 kituo cha kwanza cha Yee Hong kilifunguliwa barabara ya McNicoll, Scarborough, kikiwa na vitanda 90. Baadaye vikawa vituo vinne, viwili Scarborough, kimoja Markham na kimoja Mississauga, vyenye vitanda 805 kwa jumla, pamoja na huduma za kutwa kwa wazee wanaolala majumbani kwao na msaada kwa wale wanaowalea.

Watu wengi wa kwetu wakisikia habari za ukuaji wa namna hii huona dalili ya maradhi. Husema huu ni uzungu, kwamba mtu akikaa Ulaya au Amerika muda wa kutosha huanza kuwatupa wazazi wake kama wenyeji wanavyofanya, na kwamba kila kitanda kipya ni familia moja iliyovunjika. Shutuma hiyo inastahili jibu la haki, si la kuipuuza, maana ndani yake mna hofu ya kweli. Lakini hebu tuwatazame waliojenga ni akina nani. Wayahudi waliichukua amri ya kuwaheshimu baba na mama katika zile amri kumi wakaijadili kwa karne nyingi mpaka kwenye mambo madogo kabisa: nani anunue chakula cha mzazi, mtoto asimame wapi mzazi anapoingia, afanye nini mzazi anapomtukana mbele za watu. Kwa Wachina, utiifu kwa wazazi ndio msingi wa maadili yote. Confucius alifundisha kwamba kumlisha mzazi bila kumheshimu si kumtunza, kwani hata wanyama hulishwa. Basi jamii mbili zilizo kali kuliko nyingi katika suala la wazazi ndizo zilizojenga taasisi kubwa za wazee katika jiji hili. Kama taasisi zingezaliwa na ulegevu wa wajibu, tungetarajia kinyume chake. Mtu anaweza kusema kwamba tofauti ni fedha tu, jamii hizi zilikuwa nazo. Huenda hilo lina ukweli kwa kipindi cha baadaye, lakini halielezi wanawake waliobisha hodi kwa miaka minne kabla ya kupata malipo ya awali ya nyumba moja. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba waliona wajibu ni mzito kiasi kwamba usingeweza kuachwa utegemee bahati ya kila kaya.

Na wala kwetu si kweli kwamba familia peke yake ilitosha wakati wote. Unguja kuna nyumba za wazee za Sebleni na Welezo, na Pemba iko ya Limbani. Katika Mji Mkongwe, na Mombasa pia, wakfu uliwekwa zamani ili maskini na wasio na jamaa wapate pa kuishi. Mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa pensheni kila mkazi aliyetimiza miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, bila kuuliza kama ana watoto au hana. Kule Muleba, mkoani Kagera, ukimwi ulipowaua vijana, wazee ndio waliobaki kulea wajukuu, na shirika la Kwa Wazee likaanzishwa mwaka 2003 kuwapa malipo ya kila mwezi. Kwa hiyo anayesema kwamba kusaidiwa kulea ni jambo geni kwa Mwafrika anasahau historia yake mwenyewe. Kilicho kigeni Toronto ni umbali: hakuna shangazi wa nyumba ya pili, hakuna jirani anayeingia bila hodi, na baridi ya Januari humfungia mzee ndani ya ghorofa ya kumi na mbili, yeye na mtoto mmoja.

Ni vyema tuitazame kazi yenyewe kwa karibu, kwa sababu mahubiri mengi kuhusu wazazi husemwa na watu wasioifanya. Mzee aliyepata kiharusi na kulala upande mmoja hupaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya kiunoni na kwenye visigino huanza kufa na vidonda vya kulalia hufunguka mpaka karibu na mfupa. Chai yake lazima ifanywe nzito ili isimpalie ikaingia mapafuni. Kumwogesha mtu mzima anayeogopa maji, ambaye hakutambui tena na anadhani wewe ni mwizi, kunataka watu wawili, na nyumbani yuko mmoja. Mwenye ugonjwa wa kusahau huamka saa tisa za usiku akavaa kanzu aende msikitini au kanisani, na mlango usipokuwa na komeo la ndani atakutwa barabarani. Huyo mmoja aliyeko nyumbani kwa kawaida ni binti, au mkaza mwana, na asubuhi anatakiwa kazini. Takwimu za taifa za mwaka 2018 zilionyesha kwamba Wakanada milioni 7.8 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, yaani mmoja katika kila wanne, walikuwa wakimhudumia jamaa au rafiki mgonjwa, mlemavu au mzee. Makao ya wazee ndiyo yanayoonekana barabarani, lakini sehemu kubwa ya ulezi Kanada hufanyika jikoni na chumbani, bila malipo na bila mtu kuona. Waswahili walilisema zamani: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hapa elimu ya dini inatusaidia kuliko tunavyoitumia. Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba fardhi ni za namna mbili. Iko fardhi ain, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake, na hakuna wa kumtekelezea. Na iko fardhi kifaya, inayowalazimu watu wote kwa pamoja: wakitokea wa kutosha kuifanya, wengine wamesalimika, asipotokea yeyote, wote wamepata dhambi. Kumzika maiti ni mfano tunaoutaja daima. Wema kwa wazazi tumeuhesabu katika kundi la kwanza tu, na hapo ndipo tunapokosea hesabu. Mapenzi, heshima, dua, kumtembelea, kumsikiliza, kubeba dhamana ya maamuzi yake wakati hawezi tena kuamua, hayo ni ya mtoto na hayahamishiki. Lakini kumgeuza kitandani saa nane za usiku kwa mwaka wa tatu mfululizo ni kazi inayozidi mwili wa mtu mmoja, na kazi inayozidi mwili wa mtu mmoja haiwezi kuwa fardhi yake peke yake, kwa kuwa Mungu hamtwiki mtu asichokiweza. Sehemu inayozidi inaangukia wapi? Inaangukia mtaani. Ni fardhi kifaya ya jamaa, majirani, msikiti, kanisa na jumuiya, na kila siku inayopita bila wao kuifanya wote wanadaiwa.

Atakayepinga atanikumbusha aya ya 23 na ya 24 za Surat al-Israa, zinazozungumzia wazazi wanapofikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, na atasema maana yake ni nyumbani kwake, si penginepo. Naikubali hoja ya kwamba kukaa na mzazi ni bora pale inapowezekana. Lakini tuangalie aya hizo zinakataza nini hasa. Zinakataza hata mguno mdogo wa kuchoshwa, zinakataza kukemea, na zinaamuru maneno ya heshima na unyenyekevu wa huruma. Amri iko kwenye ulimi na moyo. Sasa mguno huo hutoka wapi? Mara nyingi hautoki kwenye moyo mbaya. Hutoka kwa mtu ambaye hajalala usiku mzima tangu Ramadhani iliyopita. Jamii inayomwacha binti peke yake mpaka uchovu ukamvunja, kisha ikamlaumu kwa kumkemea mama yake, imeshiriki katika kosa lile lile inalolilaani. Kumpa mlezi huyo siku mbili za kupumzika kwa wiki, mzee akiwa salama mahali penye watu wanaomjua, ni kumsaidia kuitii aya hiyo.

Hoja ya lugha inastahili nafasi yake, maana ndiyo inayofanya mashirika ya jamii yawe ya lazima hata pale serikali inapokuwa na fedha. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, kinaeleza jinsi Kanisa la kwanza lilivyopata huduma yake ya kwanza iliyopangwa rasmi. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, wenzao wenyeji wakipata. Mitume hawakusema kila familia ibebe msalaba wake. Waliamuru wachaguliwe watu saba wa kuisimamia kazi hiyo, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Huduma hiyo ilizaliwa, basi, kwa sababu wajane wa lugha ya wachache walikuwa wakiachwa nyuma na mfumo wa wenye lugha kubwa. Daktari Wong aliliona jambo lile lile Toronto. Ugonjwa wa kusahau hula kwanza yaliyojifunzwa karibuni. Kiingereza cha mtu aliyehamia akiwa na miaka 40 huweza kuondoka, ikabaki lugha ya utotoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Kanada ulifuatilia wagonjwa dhaifu wa Ontario waliolazwa hospitalini, ukakuta kwamba wale waliohudumiwa na madaktari wanaojua lugha yao walipata madhara machache na vifo vyao vilikuwa vichache. Lugha, kwa hiyo, ni sehemu ya tiba.

Na wazee wetu wako Toronto tayari. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972, Kanada iliwapokea maelfu yao, Waismaili wengi miongoni mwao, na wengine kutoka Tanzania na Kenya wakafuata. Aliyetua akiwa kijana wa miaka 30 sasa amepita 80. Pamoja nao wamo Khoja Ithnaashari wenye asili ya Zanzibar na Dar es Salaam, Wasomali waliopitia Kenya, Wakongo wa Kivu, Warundi, Wakenya na Watanzania waliofuata watoto wao. Kiswahili si lugha ya mama kwa wote hawa, lakini kwa wengi ndiyo lugha ya sokoni, shuleni na ya nyimbo za ujana. Jumuiya za Ismaili na za Khoja zimejijengea taratibu zao za kuwaangalia wazee, na zinastahili sifa. Sisi wengine tuna vyama vya harusi, vya misiba na vya kandanda. Msiba tunaujua kuupanga kwa siku moja, fedha za kusafirisha maiti zikapatikana kabla ya jua kuzama. Mgonjwa huyo huyo, miaka mitano aliyolala kabla ya kufa, hakuwa na kamati.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka ndani ya dini yenyewe. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea Mafarisayo na waandishi kwa kumruhusu mtu aweke mali yake wakfu kwa Mungu kisha aitumie sadaka hiyo kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wake. Mtu anaweza kuyageuza maneno hayo dhidi yangu: je, kuchangia shirika, au kumsajili mzazi katika orodha yake, hakuwezi kuwa njia ya kisasa ya kununua uhuru? Ndiyo, kunaweza. Wako watakaomleta mama kituoni Jumatatu na wasionekane tena mpaka Krismasi au Idi, na risiti ya mchango wataihesabu kuwa ni upendo. Sina jibu la kuiondoa hatari hiyo kabisa. Ninachoweza kuonyesha ni kwamba kazi ya mtoto haiishi pale shirika linapoanza, na ushahidi wake ulipatikana kwa gharama ya kutisha. Machi 2020 makao ya wazee ya Ontario yalifungiwa wageni kwa sababu ya korona. Ghafla binti aliyekuwa akija saa sita mchana kumlisha baba yake hakuruhusiwa kuingia, na mikono mingi isiyohesabiwa katika bajeti yoyote ikatoweka. Kufikia mwishoni mwa Mei mwaka huo, zaidi ya asilimia 80 ya vifo vya korona vilivyoripotiwa Kanada vilikuwa vya wakazi wa makao ya wazee, wakati wastani wa nchi nyingine zilizoendelea ulikuwa karibu asilimia 40. Wanajeshi waliotumwa kusaidia katika makao matano ya Ontario waliandika ripoti iliyoitikisa nchi, wakieleza wazee walioachwa katika uchafu na waliokuwa wakiita bila kuitikiwa. Virusi viliua, na upungufu wa wafanyakazi na majengo ya kizamani vilichangia pakubwa. Lakini lililodhihirika pia ni kwamba ndugu wanaokuja kutazama walikuwa ulinzi, na baadaye mwaka huo huo serikali ililazimika kuwatambua rasmi kama walezi wa lazima na kuwaruhusu waingie. Hapa ndipo Musa bin Maimun na mpinzani wake wanapokutana: mzazi akabidhiwe wengine, na anayekabidhi abaki mlangoni akiuliza. Shirika linalofurahia ndugu wasije, hata kama vitanda vyake ni elfu, limekosa sababu ya kuwepo.

Wengine watasema yote haya ni kazi ya serikali, kodi tunalipa, tusibebeshwe tena michango. Nakubaliana nao nusu. Imepokewa katika kitabu cha Abu Yusuf kuhusu kodi kwamba Khalifa Umar bin Khattab alimkuta mzee wa Kiyahudi akiombaomba mlangoni pa watu, akaamuru asamehewe kodi na apewe matunzo kutoka hazina ya umma. Dola kumlisha mzee si jambo la kigeni kwa dini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Sheria ya Familia ya Ontario, kifungu cha 32, nayo inamtaka mtoto mtu mzima amtunze mzazi mhitaji aliyemlea, kwa kadiri ya uwezo wake. Ukizisoma sheria hizo mbili utaona wametajwa mtoto na dola. Mtaa hautajwi popote. Na dola peke yake hufanya inavyoweza kufanya dola. Sheria iliyopitishwa Ontario mwaka 2022 inaruhusu mgonjwa mzee aliyeko hospitalini akisubiri nafasi katika makao ya wazee apangiwe makao hata bila ridhaa yake, na kusini mwa jimbo makao hayo yanaweza kuwa umbali wa hadi kilomita 70. Akikataa kuondoka hospitalini hutozwa dola 400 kwa siku. Waliotunga walikuwa wakifikiria vitanda vya hospitali, na uhaba wake ni wa kweli. Lakini kwa bibi anayezungumza Kiswahili na Kikutchi, kilomita 70 humtenga na kila mtu anayemwelewa. Isitoshe, mzazi aliyeletwa na mwanawe akiwa na miaka 70 hawezi kupata pensheni ya uzee ya Kanada kabla ya kutimiza miaka 10 ya ukaazi, na mtoto aliyemdhamini amejifunga kumkimu kwa miaka 20. Hawa ndio watakaodondoka kati ya mtoto na dola endapo katikati hapana mtu.

Ukuaji nao una jaribu lake, na ni afadhali lisemwe mapema na wanaotaka kujenga. Shirika likikua huanza kuhesabu vitanda, kwa sababu vitanda huhesabika na wafadhili huvipenda kwenye picha. Foleni ya kuingia makao ya wazee Ontario imefikia makumi ya maelfu ya watu, na wanaotaka makao ya lugha na desturi yao, kama Yee Hong, husubiri miaka. Hakuna jumuiya changa itakayoimaliza foleni hiyo kwa harambee. Zaidi ya hayo, kila kitanda kinahitaji mhudumu, na wahudumu wa Toronto ni kwa sehemu kubwa wanawake wahamiaji, kutoka Ufilipino, Karibi na Afrika, ambao wanawaogesha wazazi wa watu huku wazazi wao wenyewe wako Manila, Kingston au Bukavu. Shirika linalomheshimu mzee wa jumuiya yake na kumlipa vibaya mama anayemfuta limehamisha dhuluma tu, kutoka kwa binti mmoja kwenda kwa binti mwingine. Kipimo changu cha ukuaji ni walezi wangapi wamelala usingizi mwezi huu kwa sababu shirika lipo, na wahudumu wangapi wamebaki kazini kwa sababu wanatendewa kama watu.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa misikiti, makanisa na vyama vya Waafrika Mashariki wa Toronto wasianze na ndoto ya jengo. Waanze na daftari: katika jumuiya hii, nani analea mzee nyumbani, anamlea peke yake, na siku gani inamshinda? Majina yakishapatikana, wachaguliwe watu wa kwenda, wanaojua lugha ya mzee, wawili wawili, kwa zamu, Jumamosi moja baada ya nyingine, na wapate mafunzo ya kumwinua na kumlisha mgonjwa kabla ya kwenda. Mashirika makubwa yaliyopo jijini yaombwe kushirikiana, ukumbi wa huduma za kutwa upate meza moja ya wanaozungumza Kiswahili, na mzee ambaye hali yake inaelekea kuhitaji makao aandikishwe mapema, kabla ya usiku wa ambulensi. Fedha za kuanzia zipo, ni zile zile zinazochangwa kwa siku moja anapofariki. Zichangwe akiwa bado anaweza kumtambua anayemletea uji.